Tunatangaza uchunguzi wa mlango wa kizazi, wanakuja wachache

SWALI: Mimi ni muuguzi wa zahanati mkoani Tanga. Kila robo mwaka tunapita na kipaza sauti tukitangaza upimaji wa bure wa saratani ya mlango wa kizazi. Mara ya mwisho walikuja akina mama 19. Wawili walikutwa na weupe baada ya kupakwa siki, ambayo hugeuza sehemu yenye mabadiliko ya mlango wa kizazi kuwa nyeupe, na mmoja wao hakufika hospitali ya wilaya nilikompa rufaa. Aliyekuja kwa hamu kuliko wote ni bibi wa miaka 58. Je, tangazo letu lina kasoro? Na huyo bibi, nilikosea kumpima kwa siki?

JIBU: Dada, nianze na bibi. Siki inafaa pale unapoiona sehemu seli za nje na za ndani ya mlango wa kizazi zinapokutana. Baada ya kukoma hedhi, sehemu hiyo huingia ndani ya mfereji, hivyo ukikosa weupe bado huwezi kumwambia yuko salama. Ndiyo maana tunalenga miaka 30 hadi 50. Mpeleke apimwe HPV, kirusi kinachosababisha saratani hii. Muulize pia kama anatokwa na damu. Aliyekoma hedhi akaona damu, au mwanamke yeyote anayetokwa na damu baada ya tendo la ndoa, asingoje siku ya upimaji. Mpe rufaa siku hiyo hiyo.

Sasa tangazo. “Njooni mpime saratani” humfanya mama asiyeumwa ajiulize anafuata nini huko. Mwambieni kweli yenyewe: tunatafuta mabadiliko ambayo kwa kawaida huchukua miaka 15 hadi 20 kuwa saratani, na yakionekana mapema yanatibika. Kisha elezeni kinachofanyika chumbani, kwa sababu hofu kubwa iko hapo. Mlango wa chumba unafungwa, spekulamu (kifaa cha kupanua uke) inaingizwa, siki inapakwa, mnasubiri dakika moja, na majibu anapewa kabla hajaondoka. Kizazi hakitolewi. Na weupe peke yake haumaanishi ana saratani. Hilo lirudieni mpaka lizoeleke.

Lakini kinachonisumbua zaidi katika barua yako ni yule mmoja ambaye hakufika. Nimefanya kazi mahali ambapo gesi ya tiba mgando, ya kugandisha sehemu yenye mabadiliko, iliisha, tukawaambia akina mama warudi wiki inayofuata. Wengi hatukuwaona tena. Kila safari unayoongeza ina nauli, ina shamba lililoachwa, ina ruhusa ya kuomba nyumbani. Kwa hiyo panga siku ya upimaji kufuatana na siku ambayo timu ya wilaya inaweza kuja na kifaa cha tiba joto, kinachounguza sehemu hiyo kwa joto. Kinabebeka, vingine vinatumia betri, hakihitaji mtungi wa gesi, na tiba yenyewe ni ya dakika chache. Anayefaa kutibiwa atibiwe hapo hapo; mwenye dalili za saratani yenyewe apewe rufaa na mtu wa kumsindikiza.

Zungumzeni na wanaume pia, mapema. Baada ya tiba mama hutokwa na majimaji kwa wiki kadhaa na anatakiwa kupumzika tendo la ndoa kwa takriban mwezi mmoja. Mume akilisikia hilo kwa mara ya kwanza usiku, panazuka ugomvi. Mama akikuambia, “Ngoja nikamuulize baba watoto,” usimwandike kuwa amekataa.

Msitegemee kipaza sauti tu. Mama anayeleta mtoto chanjo au anayefuata uzazi wa mpango tayari yuko mbele yako. Wa CTC, kliniki ya wanaoishi na VVU, wasikose kabisa: hatari yao ya kupata saratani hii ni mara sita ya wengine, na wanapimwa mapema na mara nyingi zaidi.

Kwa anayeona haya kupanda kitandani, kuna kipimo cha HPV ambacho mama hujichukulia sampuli mwenyewe kwa kijiti. Mashine ya GeneXpert ya kifua kikuu inaweza kukisoma ikiwa katriji zake zipo, ulizia wilayani. Majibu huchelewa kidogo, kwa hiyo kubaliana naye kabisa namna ya kumpata.

Na yule ambaye hakufika, usisubiri robo nyingine. Mtume mhudumu wa afya ngazi ya jamii anayepajua kwake, azungumze naye faragha, na neno saratani lisitamkwe mlangoni mbele ya majirani.