Jibu: Mama ana lupus na sasa ini nalo

Pole sana ndugu. Nimekuelewa, bimkubwa ana miaka 68, lupus (kinga ya mwili kuushambulia mwili wenyewe) anayo siku nyingi na sasa vimeng'enya vya ini, yaani vile vinavyopanda kwenye damu ini likiumia, vimepanda, unauliza ni lupus ileile au ugonjwa mwingine. Inaweza ikawa lupus ileile, au ugonjwa mwingine uitwao autoimmune hepatitis, ambapo kinga ya mwili inashambulia ini lenyewe kama lupus inavyofanya kwenye viungo, au yote mawili, na kipimo cha damu cha ANA (kinachotafuta kingamwili zinazoushambulia mwili wenyewe) hakiwezi kutofautisha maana lupus nayo inakipandisha. Muulize daktari kuhusu vipimo vya damu vya IgG (aina ya kingamwili) na kingamwili za misuli laini, pamoja na baiopsi ya ini (kuchukua kipande kidogo cha ini kikapimwe), hiyo baiopsi ndo inamaliza ubishi.

Kabla ya hapo mpelekee daktari dawa ZOTE anazotumia mama, za maumivu na mitishamba pia, maana kwa wazee mara nyingi mchawi yuko humo humo.

Akianzishiwa prednisolone (dawa ya steroidi ya kutuliza kinga ya mwili) apimwe kwanza hepatitisi B, halafu sukari, presha na mifupa vifuatiliwe, na asiache ghafla hata akijisikia freshi.

Macho yakiwa ya njano, tumbo likijaa, akachanganyikiwa, akatapika damu au choo kikawa cheusi, usisubiri kliniki, kimbia emajensi.