Barua kwa mwanangu: muziki wa karamu yenu

Mwanangu mpendwa,

Umeniuliza mchague muziki gani wa karamu ya harusi yenu, ilhali upande wetu unatoka Murang'a, wakwe zako ni Waisukha wa Kakamega, wazee wa kanisa hawataki makelele na marafiki zenu wanadai amapiano, ule muziki wa dansi wa Afrika Kusini. Kwanza wekeni kando ile orodha ya nyimbo mnazozipenda. Chukueni karatasi muandike watu watakuwa wakifanya nini tangu saa saba hadi saa kumi na moja, kisha kila shughuli itafutiwe muziki wake.

Saa ya kwanza ndiyo husahaulika. Ninyi mtakuwa kwenye bustani ya miti ya Arboretum mkipigwa picha, na wageni 200 wamekaa hemani na soda, njaa inawauma. Hapo panafaa rumba ya taratibu na benga ya zamani isiyo na kishindo. Wimbo ukiwa wa dakika nne, saa moja hula nyimbo 15. Andaeni 25, maana mpiga picha hana saa. Rumba ya Kilingala msiichague kwa utamu wa gitaa tu. Si chache zinazolilia penzi lililovunjika, kwa hiyo mpeni anayekijua Kilingala azisikilize. Taarabu ya mipasho iacheni kabisa, mkwe asije akadhani fumbo limemlenga yeye.

Wimbo wa kuingia ndio unaoharibika mara nyingi. Maharusi na wasimamizi hucheza hatua mbili mbele, moja nyuma, na kutoka langoni hadi meza kuu huenda pakawa na mita 40. Wimbo unaisha mkiwa katikati ya nyasi, dijei anapapasa kompyuta, nanyi mmesimama mkichekacheka. Nendeni kwenye bustani yenyewe mkacheze mwendo huo mkiwa na saa. Ukichukua dakika saba, dijei aunganishe nyimbo mbili zenye mwendo mmoja. Mfanye mazoezi na toleo lile lile litakalopigwa, kwa sababu toleo jingine laweza kuwa na utangulizi mrefu na hatua zote zikapotea. Mpeni dijei nyimbo kwenye flashi, faili zikiwa na namba 1, 2, 3. Msitegemee intaneti ya bustanini. Ikikatika, ama tangazo likiingia katikati ya wimbo, hamna la kufanya.

Wakati wa chakula, keti meza ya katikati. Ukilazimika kuinua sauti ili mwenzako akupe chumvi, muziki uko juu mno.

Isukuti, ngoma ya wakwe zako, msiipige wakati huo, watu wataacha sahani. Nafasi yake ni langoni wakwe wanapoingia, na tena wakati wa zawadi. Ni ngoma tatu, kubwa, ya kati na ndogo, pamoja na pembe na njuga, na nje hazihitaji spika. Dijei azime muziki wake kabisa, asijaribu kuwasindikiza kwa mdundo wa kompyuta. Ngoma hii iliingia katika orodha ya UNESCO ya urithi unaohitaji kulindwa kwa haraka mwaka 2014, na wakwe zako wataipenda zaidi ikipigwa na watu kuliko ikitoka kwenye flashi. Upande wetu ukiitwa kutoa zawadi, pigeni mugithi, muziki wetu wa gitaa wa Kikuyu. Jina lenyewe maana yake ni treni, na shangazi zako watajipanga mstari bila kuambiwa. Ila mpiga gitaa aelezwe mapema kwamba kuna watoto na wachungaji. Maneno ya mugithi wa baa usiku abaki nayo huko huko.

Amapiano ianze baada ya neno la shukrani, wazee wakishaanza kutafuta magari. Midundo yake ni kama 110 kwa dakika, hata mjomba ataifuata.

Kuhusu vyombo, afadhali mpunguze pesa ya dijei mwenye jina mkaongeza spika. Mbili kubwa za mbele huwaumiza walio karibu, na walio nyuma hawasikii hotuba. Wekeni mbili mbele na mbili katikati ya hema, zote kwa sauti ya chini. Mwenye maikrofoni asisimame mbele ya spika. Maikrofoni itanasa sauti inayotoka humo na kuirudisha, ndipo ule mluzi unapoanza. Muwe na maikrofoni mbili zisizo na waya zenye betri mpya, na moja ya waya ya akiba. Muziki upate waya wake wa umeme. Mpishi akichomeka birika lake kubwa kwenye waya huo huo, swichi itakatika katikati ya sala.

Muulizeni mwenye bustani kama ana kibali cha muziki na mwisho wake ni saa ngapi. Kanuni za 2009 za NEMA, mamlaka ya mazingira ya Kenya, zinadhibiti kelele, na usiku huwa kali zaidi kuliko mchana.

Nitumie nyimbo za kuingia Jumapili. Na kabla hujamlipa dijei arbuni, mpigie mama mkwe umuulize kundi la isukuti analolitaka yeye.

Mamako,
Buruburu