Radi inapiga na mtoto anataka kukaa dirishani

SWALI: Habari kaka, mi nakaa Upanga ghorofa ya saba, dirisha la sebuleni linaangalia baharini. Jumapili jioni naanua nguo balkoni nikaona mvua imesimama kule mbali kama pazia la kijivu, meli zilizotia nanga zinapotea moja moja, mara ukaja upepo wa baridi pazia likaruka mpaka juu alafu radi. Mama mkwe akafunika vioo vyote na khanga, akamwambia mwanangu avue tisheti nyekundu na atoke dirishani, mtoto analia anataka kuangalia. Nusu saa tu jua likatoka! Kuangalia ni hatari kweli? Na ule ubaridi ulitoka wapi wakati hata tone halijadondoka? Na maji yaliingia chini ya dirisha wakati nimefunga kabisa.
Mpangaji, Upanga

JIBU: Dada yangu, ule ubaridi umetoka ndani ya wingu lenyewe. Mvua ikishuka inaburuta hewa ya juu kuja nayo chini, matone mengine yanageuka mvuke njiani yanazidi kuipoza, ikigonga bahari haina pa kwenda inasambaa pembeni na kuitangulia mvua. Kwahiyo ukiusikia tu, hiyo ndo hodi, nguo uwe umeshaanua.

Mama mkwe usimbishie sana. Vioo na nguo nyekundu havivuti radi, ila kumtoa mtoto dirishani kapatia kabisa, maana fremu ya aluminiamu na grili zinapitisha umeme, mabomba pia, kwahiyo hata vyombo acha kuosha kwanza. Balkoni ndo msitoke kabisa. Lakini kumnyima mtoto kuangalia naona ni uonevu jamani, kitu kizuri vile! Sogezeni kochi hatua tatu nne kutoka kwenye kioo, muangalie mkiwa mmekaa, na mfundishe kuhesabu: mwanga ukimulika anaanza moja, mbili, tatu mpaka ngurumo isikike. Sauti inaenda kama mita 340 kwa sekunde, yaani kila sekunde tatu ni kilomita moja, akifika tisa radi iko kilomita tatu, na hesabu zikizidi kuwa ndefu ujue inaondoka. Ila hata kilomita 10 inaweza kuwafikia, na jua likitoka bado msikimbilie nje, subirini dakika 30 baada ya ngurumo ya mwisho.

Kupita haraka ni kawaida, wingu moja la radi linaishi nusu saa mpaka saa moja hivi na upana wake ni kilomita chache, ndo maana Upanga mnalowa Mbagala wameanika nguo. Kimbunga ni kitu kingine, kama Hidaya kilichofika Mafia tarehe 4 Mei 2024, ule ni upepo wa masaa na masaa, TMA (Mamlaka ya Hali ya Hewa) wakitangaza kimbunga hayo mambo ya kochi na dirisha sahau, kaeni chumba cha ndani.

Kuhusu maji, angalia reli ya chini ya dirisha, upande wa nje kuna vitundu vidogo vya kutolea maji, mara nyingi vimeziba vumbi na nywele. Vizibue na njiti, mwagia kikombe kimoja cha maji kwenye reli uone kama yanatoka nje. Yakitulia palepale rudia tena, kabla masika haijakolea.