Aota imechanika ajalini: stenti au kisu?

Wiki hii maswali mengi ni ya aota, ule mshipa mkuu unaotoka kwenye moyo, tunaanza na ndugu wawili wa mgonjwa mmoja.

Dokta, shemeji kagongana uso kwa uso na lori, kifuani ana mchubuko tu, mshipa umechanikaje?

Poleni sana. Aota imepinda kama bakora ya mzee, na hapo inapoanza kushuka, chini kidogo ya mshipa wa mkono wa kushoto, imeshikwa na kano fupi. Gari ikisimama ghafla sehemu iliyo huru inaendelea kwenda mbele, iliyoshikwa inabaki, basi panachanikia hapo hapo. Wengi wanafia barabarani, kwa hiyo yeye kufika hospitali ina maana ganda la nje bado limezuia damu.

Siku ya pili ICU anapewa dawa za presha na presha hana! Wanasubiri nini?

Hawajalala hao. Tairi likitoa nundu ubavuni hulijazi upepo, si ndiyo? Ile namba ya juu ya presha inashushwa isizidi 120 hivi na mapigo ya moyo yapunguzwe, huku wakishughulikia kwanza tumbo au kichwa kama kinavuja damu. Halafu inategemea CT, ile picha ya ndani ya mwili, imeonyesha nini: daraja la 1 ni mchaniko mdogo wa utando wa ndani, mara nyingi dawa na kurudia CT vinatosha, la 2 damu imeingia ndani ya ukuta, la 3 ukuta umetoa nundu kama ya lile tairi, la 4 imepasuka na hapo hakuna cha kusubiri.

Kipi bora, stenti au kupasua kifua?

Pakiwezekana, stenti. Wanapitia mshipa wa paja, bomba la kitambaa lenye wavu wa chuma linasukumwa huku wanaangalia kwenye eksirei, likifika linatanuka na kuziba tundu kwa ndani. (Daktari Volodos kule Kharkiv, Ukraine, alimfanyia majeruhi hivi 1987, si jambo la jana.) Kupasua ni kufungua mbavu za kushoto, kuibana aota na kushona kipande cha bandia, na wakati imebanwa uti wa mgongo unaweza kukosa damu, mtu akaamka miguu haisogei. Chama cha madaktari wa mishipa Marekani kilipokusanya tafiti, mwongozo wa 2011, vifo vilikuwa 9% kwa stenti na 19% kwa kupasua, uti wa mgongo kudhurika 3% kwa 9%. Ila wagonjwa hawakugawanywa kwa kura nani apate tiba ipi, kwa hiyo msizishike kama msahafu.

Basi kisu kimestaafu?

Wapi! Mchaniko ukiwa jirani kabisa na moyo, mtoto mwenye mshipa mwembamba, au saizi ya stenti haipo stoo, kifua kinafunguliwa.

Niliwekewa stenti, mkono wa kushoto unakuwa baridi, kawaida?

Wakati mwingine stenti inafunika mdomo wa mshipa wa mkono huo, damu inazungukia shingoni na wengi wanazoea. Ukiuma, ukafa ganzi au ukipata kizunguzungu ukiutumia, rudi mapema, na beba ile CD ya CT na karatasi yenye saizi ya stenti.