Valvu ya kisu haifungi mpaka chini

SWALI: Habari fundi, niko planti ya kuchenjua dhahabu huku Geita, valvu ya kisu (ile yenye bamba linaloshuka kukata njia) kwenye bomba la tope haishuki mpaka mwisho na juu inavuja, wenzangu wanataka tuweke bomba kwenye usukani tuikaze kwa nguvu, nifanyeje?

JIBU: Salama ndugu yangu. Hilo bomba la kukazia liweke pembeni kabisa, mtapinda shafti bure. Hapo kuna mchanga umeshindiliana chini kwenye kikalio cha kisu, ifungue kidogo tope lipite likwangue halafu funga, rudia mara mbili tatu, na kama ina matundu ya kuoshea pitisha maji safi yenye presha kuzidi ya bomba la tope. Kuvuja juu ni pakini hiyo, yaani kamba za kuziba zinazozunguka kisu, kaza nati za glandi (kibanio cha pakini) kidogo kidogo, huku na upande wa pili, matone yakikata acha maana ukizidisha kisu kinakuwa kizito.

Na jamani msiiache nusu wazi ili kupunguza tope! Hii ni ya kufungua yote au kufunga yote, ikikaa nusu mchanga unapita kwa kasi unalamba ncha ya kisu mpaka inakuwa kama msumeno. Siku ya kubadili pakini zimeni pampu, pigeni kufuli swichi yake mtu asiiwashe, toeni presha yote kwanza, nawaomba sana.