Risasi Kuingia Chemba Si Ruhusa ya Kufyatua

Msomaji mmoja wa Nachingwea amerithi Mauser, bunduki ya Kijerumani, ya zamani ya jeshi, kwa njia halali, leseni iko kwa jina lake. Kitako si cha asili, mtutu ulibadilishwa na fundi asiyejulikana, na pamoja na bunduki amekabidhiwa mfuko wa risasi zilizochanganyika. Anauliza: "Zote ni za milimita nane na zote zinaingia. Nitumie zipi?" Asitumie hata moja, na sababu ni hizi.

"Mauser ya milimita nane" si risasi moja. Ile ya 1888 ina kichwa cha mviringo chenye kipenyo cha karibu milimita 8.1. Iliyoifuata, ya S, iliyoingia jeshini mwanzoni mwa miaka ya 1900, ina kichwa kilichochongoka cha milimita 8.2. Ganda ni lilelile la milimita 57, ndiyo maana haisumbui kuingia. Kichwa kinene kikilazimishwa kwenye mtutu mwembamba, presha hupanda kuliko ile ambayo chuma kile kilitengenezwa kuibeba. Wajerumani walizirekebisha nyingi za 1888 na kuzigonga herufi S juu ya chemba, yaani nafasi inamokaa risasi nyuma ya mtutu. Lakini herufi hiyo inaeleza mtutu uliokuwapo siku ilipogongwa. Mtutu ukibadilishwa baadaye, haina habari nao.

Hata vipenyo vikilingana, nguvu hazilingani. Kiwango cha Ulaya cha 8x57 IS, jina rasmi la hiyo ya S, kinaruhusu presha hadi baa 3900. Kile cha Marekani cha 8 mm Mauser kinaishia psi 35,000, yaani kama baa 2400, kwa kuhofia bunduki kongwe za namna hii. Kwa hiyo "mbona mzee aliipigia miaka yote" si ushahidi. Uliza mzee alipigia risasi gani.

Na hawa wanaoshauri "ikiingia, piga" waache. Risasi ya Mauser ya milimita nane inaweza kuingia kwenye chemba ya .30-06, bunduki ya risasi ya Kimarekani ambayo wawindaji wanayo kwa wingi, na bolti, yaani chuma kinachoifunga chemba kwa nyuma, ikafunga kabisa. Kichwa chake kinauzidi mtutu ule kwa karibu milimita 0.4. Bolti iko sentimita chache kutoka jichoni mwako, fikiria mwenyewe. Vilevile mtu akikwambia ana "7.62" hajakwambia kitu: ganda ni la urefu wa milimita 39, 51 au 54?

Mpelekee bunduki fundi mwenye leseni, akusukumie kipande cha madini laini ya risasi ndani ya mtutu, kisha akipime kwa mikromita. Apime pia chemba, pamoja na nafasi inayobaki kati ya uso wa bolti na tako la risasi. Mafundi wa mitaani huruka hapa. Nafasi ikizidi, ganda hurefuka na kukatika juu kidogo ya tako. Dalili yake ni mstari unaong'aa kulizunguka ganda lililokwisha kupigwa, hapo karibu na tako. Chonga ncha ya spoki ya baiskeli, ipinde kidogo, pitisha ndani ya ganda: ukihisi mfereji, acha kuitumia bunduki hiyo. Fataki (kile kidonge cha kuwashia kilicho kwenye tako la risasi) iliyobapa au kutoboka na bolti nzito kufungua ni onyo hilohilo.

Modeli nayo ina uzito. Mauser ya 98, yaani ya 1898, ina jino la tatu la kufungia bolti na matundu ya kutolea gesi. Za 93 na 95 kwa kawaida hazina jino hilo. Ile ya 1871, iliyobebwa na askari wengi wa Mjerumani huku kwetu, ni ya baruti nyeusi. Kuifungia mtutu wa risasi za kisasa ni kujitafutia kaburi.

Risasi za jeshi za zamani nyingi zina fataki inayoacha chumvi, na hewa ya Lindi na Mtwara huigeuza chumvi hiyo kuwa kutu upesi. Mafuta hayaiyeyushi. Siku hiyohiyo pitisha maji ya moto kwenye mtutu na usugue uso wa bolti, kausha kabisa, ndipo upake mafuta. Rudia kesho yake.

Ikigoma kulipuka, elekeza mtutu mahali salama na usubiri dakika nzima kabla ya kufungua. Ikilia hafifu, simama: toa bolti, chungulia kuanzia chemba, huenda kichwa kimekwama ndani.

Katika Vita Kuu ya Kwanza, mwaka 1916, meli ya Wajerumani Marie ilishusha shehena ya silaha na risasi huko Sudi, na Oktoba 1917 pakapiganwa Mahiwa. Ukilima ukakuta risasi za enzi hizo, usizisugue wala kuzifungua. Zingira mahali hapo, waite polisi. Mfuko wa ndugu yetu nao uende kituo cha polisi, na aombe kununua pakiti mpya yenye jina kamili la risasi, baada ya fundi kumpa vipimo kwa maandishi.