Kuandika Kiassam kwenye kompyuta: anza na kibodi, fonti baadaye

Wengi wanaoniuliza kuhusu Kiassam, lugha ya jimbo la Assam nchini India, huanza na fonti. "Kaka, nitumie fonti nzuri." Ni wanafunzi wetu walioko Guwahati, mji wa huko Assam, au mtu wa stesheneri aliyepewa kazi ya kupanga kurasa na mteja kutoka India. Jibu langu ni lile lile: fonti pengine unayo tayari. Angalia kibodi kwanza.

Windows ya kuanzia toleo la 8 huja na Nirmala UI, ambayo inaonyesha Kiassam vizuri tu. Kwenye Linux sakinisha Lohit Assamese au Noto Sans Bengali, zote bure. Usishtuke kuona jina la Kibengali. Lugha hizi mbili zinatumia mwandiko mmoja kwa sehemu kubwa, na Unicode, orodha ya kimataifa inayoipa kila herufi namba yake kwenye kompyuta, imeziweka pamoja kwenye fungu linaloanzia U+0980 hadi U+09FF, fungu lililopewa jina la Kibengali. Watu wa Assam jina hilo linawaudhi, na mimi nawaelewa, lakini kwenye kuandika halikuzuii chochote.

Kinachokuzuia ni kuchagua kibodi ya Kibengali kwa kuwa "si zinafanana?" Kiassam kina herufi mbili zake: ৰ, ambayo ni r, na ৱ, ambayo ni w. Mbengali huandika r yake hivi: র, yenye nukta chini. Na ৱ Kibengali cha leo hakiitumii kabisa. Ukiandika Kiassam kwa র, mwenyeji atakusoma na kukuelewa, ila ataona mara moja kwamba kazi imefanywa na mgeni. Kompyuta ndiyo haitakuelewa kabisa. Kwake র ni U+09B0 na ৰ ni U+09F0, vitu viwili tofauti, kwa hiyo anayetafuta neno kwenye hati yako ya kurasa mia hatalipata ng'o.

Kwa Windows 10 na 11, fungua Mipangilio, nenda kwenye saa na lugha, kisha ongeza lugha. Tafuta kwa neno "Assamese". Intaneti iwe imewashwa, maana mfumo utapakua pia fonti za ziada, Vrinda na Shonar Bangla. Ukiulizwa kama unataka iwe lugha ya Windows yenyewe, kataa, la sivyo utajikuta unatafuta kitufe cha kuzima kwa Kiassam. Ukimaliza, bonyeza kitufe cha Windows pamoja na kile cha nafasi, na kibodi inabadilika.

Kibodi utakayoipata inaitwa InScript, mpangilio uliowekwa na serikali ya India kwa ajili ya miandiko yake karibu yote. Irabu ziko kushoto, konsonanti kulia. Mwanzoni utaichukia. Mimi nilipokuwa nasoma Guwahati nilichapa picha ya mpangilio huo nikaibandika pembeni mwa skrini, nikawa natazama hadi vidole vikazoea. K inatoa ক, j inatoa ৰ, f inatoa ি. Ile ya kuikariri kuliko zote ni d, inayotoa alama iitwayo hasanta. Hasanta ndiyo inayounganisha konsonanti. Andika ক, kisha hasanta, kisha ষ, utapata ক্ষ. Waassam wanaihesabu hiyo kuwa herufi kamili ya alfabeti yao, lakini Unicode haikuipa namba yake, kwa hiyo kwa kompyuta inabaki kuwa mfuatano wa alama hizo tatu.

Jambo la pili la kuzoea: unaandika kwa mfuatano wa matamshi, macho yasikudanganye. Alama ya ি hukaa kushoto mwa konsonanti yake, lakini huandikwa baada yake. তি ni ত kwanza, ndipo ি. Kompyuta yenyewe itaisogeza. Ukianza na ি utaona duara la nukta nukta, na hapo watu hukimbilia kupakua fonti nyingine. Hapana. Duara la nukta maana yake alama imekosa konsonanti ya kushikia. Visanduku vitupu ndivyo vinavyomaanisha fonti haipo.

Kama InScript imekushinda, zipo njia za kuandika kwa kufuata matamshi, unapiga "rati" kwa Kilatini inakupa ৰাতি. Kwenye simu kuna Gboard, kibodi ya Google. Kwenye Linux weka ibus-m17n, utakuta InScript na mipangilio ya matamshi humo humo. Kwa ujumbe wa WhatsApp zinatosha sana. Na kusema kweli, rafiki zangu wa bweni, wazaliwa wa huko huko, walikuwa wakiandikiana Kiassam kwa herufi za Kilatini bila wasiwasi wowote. Ila kama una tasnifu au kitabu, jifunze InScript.

Kabla ya kuanza kazi, jaribu maneno haya: ৰাতিপুৱা, ক্ষমা, ব্ৰহ্মপুত্ৰ, গুৱাহাটী. Yatazame kwenye Word, kwenye kivinjari, na kwenye PDF utakayoitoa. Lile la tatu, jina la mto Brahmaputra, ndilo linaloumbua fonti mbovu. Fonti nyingine zilizotengenezwa kwa Kibengali pekee zinaunganisha র vizuri, lakini zikikutana na ৰ zinaiacha imesimama peke yake, hasanta ikining'inia. Fonti ya namna hiyo ifute.

Mnaotumia InDesign, programu ya kupanga kurasa, kuna kazi ya ziada: kwenye mipangilio ya aya chagua World-Ready Composer, vinginevyo irabu zitaruka ovyo hata fonti ikiwa safi.

Halafu kuna faili za zamani. Matbaa nyingi za Assam zilipanga kurasa kwa fonti kama Geetanjali, ambazo ndani yake ni herufi za Kilatini zilizovishwa sura ya Kiassam. Ukibadilisha fonti, ukurasa mzima unageuka takataka. Usianze kuandika upya. Vipo vigeuzi vya kuhamishia Unicode. Pitisha faili humo, kisha mpe mwenyeji akague, hasa ৰ, ৱ na herufi zilizoungana.

Na kama unatafuta neno অসমীয়া, yaani Kiassam, kwenye faili halionekani ilhali unaliona kwa macho, tatizo ni য়. Inaweza kuhifadhiwa kama herufi moja, U+09DF, au kama mbili, U+09AF na nukta yake U+09BC. Sura ni moja, lakini programu nyingine huzichukulia kuwa maneno mawili. Tumia amri ya tafuta na badilisha, zote ziwe za namna moja, kabla ya kumkabidhi mteja.